Mjomba wa Stempu

Nyangamara, Lindi
6 Agosti 1950

Kaka yangu Ambrosi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Huku hatujambo, ila mguu wangu wa kushoto unanisumbua kila upepo unapogeuka, na yule mbuzi mweusi niliyekuandikia habari zake mwaka jana amekufa kwa uroho wake mwenyewe. Mikorosho imeanza kutoa maua. Padre mpya ni mtu mwema lakini anaimba kwa pua.

Sasa sikiliza. Theresia wangu amepata mchumba. Anaitwa Klementi, fundi seremala, hanywi kupita kiasi. Ameitwa kazini kwenye bandari mpya ya Mtwara na anatakiwa awepo huko mwanzoni mwa Desemba. Wanapendana mpaka inachosha kuwatazama. Shida yetu ni mjomba wa Klementi, mzee Laurenti. Sijui kama Mombasa imekusahaulisha desturi: kwetu mjomba huzungumza na mjomba. Hata kama baba yake Theresia angekuwa hai, angekaa pembeni akasikiliza. Laurenti amekuja mara kadhaa, amekunywa pombe yangu kila mara, kisha hujifuta midomo na kuuliza, "Mjomba wa binti yuko wapi?"

Nikamletea barua zako, rundo zima. Akazipindua, akatazama ile sura ya Mfalme kwenye stempu, akasema, "Mama Theresia, ndiye huyu? Basi mwambie Mfalme nimekuja kuposa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo unaitwa Mjomba wa Stempu. Wengine wanasema ulikufa katika vita vya Wajerumani na barua naziandika mwenyewe usiku. Ndugu zetu waliokujua wote wamekwisha. Nimebaki mimi.

Padre hafungishi ndoa wakati wa Majilio, yale majuma ya kabla ya Noeli, kwa hiyo harusi ni mwezi wa Novemba au basi. Klementi akienda Mtwara peke yake, Laurenti ana binti wa rafiki yake huko, amekwisha kumtaja mara mbili kama mtu anayetaja hali ya hewa. Theresia amekonda.

Njoo, kaka. Usitume kitu. Jitume mwenyewe.

Mimi dada yako,
Romana


Mombasa
27 Agosti 1950

Dada yangu mpenzi Romana,

Milele, amina. Marahaba. Pole kwa mguu na kwa mbuzi.

Sisi tu wazima. Shemeji yako Scholastica anakusalimu sana. Mvua imepita, bei ya nazi imepanda, na macho yangu sasa yanahitaji miwani hata kusoma majina ya maduka.

Nitakuja. Nimeandika neno hilo kisha nikaacha kalamu nikatembea mpaka feri na kurudi. Nilipoondoka kwetu mwaka 1917, nikiwa nimebebeshwa mzigo wa jeshi, sikuwa na ndevu. Wewe ulikuwa bado unaogopa kuku. Kwa nini sijarudi tangu hapo ni jambo refu, na halifai kuandikwa na mtu mwenye wino mchache.

Sitakuja kwa meli. Unakumbuka bwana wangu mwanasheria, niliyemfanyia kazi ya ukarani. Amefariki, na mjane wake, kabla ya kurudi kwao, amenipa motokaa yake. Romana, hii si motokaa kama hizo mnazoziona huko. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya Ulaya kabla ya vita hivi vya mwisho. Ni nyekundu. Haina paa. Magurudumu yake yana spoku kama ya baiskeli, na kifuniko cha injini kimefungwa kwa mkanda wa ngozi, kama suruali. Ukikaa ndani, makalio yako yako karibu na ardhi kuliko ukikaa kwenye kigoda. Ikiwashwa, mbwa wa mtaa mzima hutoa maoni.

Ina viti viwili. Scholastica amevitazama akasema havimtoshi hata yeye peke yake, kwa hiyo atabaki.

Nitapita Tanga, Dar es Salaam, Kilwa, mpaka kwetu. Leseni ninayo tangu mwezi wa nne. Laurenti atamwona mjomba, na atamsikia kabla ya kumwona.

Kaka yako,
Ambrosi


Nyangamara
17 Septemba 1950

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Tu wazima. Mvua bado, na hatuitaki kwanza, kwa ajili ya maua ya mikorosho.

Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali pa kukaa mtu wa tatu. Nilikwenda Mingoyo nikamuuliza dereva wa lori, mtu anayeijua barabara yote mpaka Rufiji. Nilipomweleza kimo cha motokaa yako aliweka kikombe cha chai chini. Akasema, "Mama, barabara ile ina mawe yaliyo marefu kuliko hiyo."

Kwa hiyo nilitaka kukuandikia: kaka, panda meli, ushuke Lindi, mimi nitakupokea. Nilitaka hivyo Jumamosi. Jumapili, baada ya misa, Laurenti akaniuliza mbele ya watu kama Mjomba wa Stempu atakuja ndani ya bahasha ya kawaida au ya rejista. Hasira zikanipanda, nikasema kwa sauti, mpaka Padre akasikia, kwamba mjomba wa Theresia anakuja kwa motokaa yake mwenyewe, nyekundu, inayokimbia kuliko treni, na haina paa.

"Haina paa?" akasema Laurenti. "Basi ni mkokoteni."

Sasa ndiyo hivyo. Lazima uje na hiyo motokaa, na lazima uje upesi, na mimi najua hayo mawili hayaendi pamoja. Fanya utakavyoweza. Nitakuandikia Dar es Salaam, uulize posta.

Dada yako,
Romana


Tanga
9 Oktoba 1950

Dada yangu Romana,

Salamu nyingi. Scholastica alinifungia mikate ya kutosha mpaka Misri, na nimekwisha kuimaliza.

Nimevuka mpaka salama. Askari wa pale alizunguka motokaa, akainama, akatazama chini yake kama anayetafuta iliyobaki. Akaniuliza, "Unatoka wapi, mzee?"

"Nyumbani."

"Na unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Akanirudishia karatasi zangu. "Sasa hapa katikati unatafuta nini?" Nimekuwa nikilitafuta jibu njia nzima.

Kuendesha gari hili, Romana, ni kitu ambacho sikukitarajia katika umri wangu. Upepo unaniingia mikononi na kutokea shingoni. Kipande cha kwanza cha barabara nilikwenda kasi mpaka kofia yangu ikaamua kubaki Kenya. Niliimba. Hakuna aliyesikia kwa sababu ya mlio, nami nikaimba zaidi.

Neno moja tu kuhusu barabara: malori yamechimba njia mbili za magurudumu na kuacha tuta katikati, na motokaa yangu, kwa ufupi wake, hukaa juu ya tuta hilo kama chura juu ya gogo, magurudumu yakizunguka hewani kwa raha. Wenyeji hunisaidia. Karibu na mpaka bibi mmoja alinitazama nikipita, akanisimamisha kwa mkono, akauliza kwa huruma, "Baba, nusu yake nyingine inakuja nyuma?"

Gari halina tatizo lolote. Nipo Tanga kwa siku chache ili kulipa nafasi ya kupoa.

Kaka yako,
Ambrosi


Nyangamara
24 Oktoba 1950

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Theresia ameingizwa ndani kama mwali, anafundishwa na kina bibi, hatoki. Shangazi wa Klementi ameleta unga. Sisi wazima.

Barua yako ya Tanga imefika leo. Inasema mengi juu ya upepo. Haisemi kama gari linatembea. Siku chache za kupoa ni ngapi? Hata uji wa mgonjwa unapoa haraka kuliko hilo.

Harusi ni tarehe ishirini na tano Novemba, Jumamosi. Baada ya hapo Padre anafunga kitabu mpaka baada ya Noeli, na Klementi hawezi kungoja. Laurenti ameanza kuniamkia njiani, "Treni imefika?"

Kaka, ukisoma hii Dar es Salaam, usikae kutazama maghorofa.

Romana


Kilwa Kivinje
12 Novemba 1950

Dada yangu Romana,

Nisamehe kimya. Barua yako niliikuta posta Dar es Salaam, na sikukaa kutazama maghorofa. Nilikaa kutazama miguu ya fundi, kwa sababu sehemu yake nyingine ilikuwa chini ya gari. Si tatizo. Ni kitu kidogo kilichotoboka, kikazibwa kwa sabuni ya kufulia na busara.

Nimevuka Rufiji juu ya pantoni, pamoja na ng'ombe watatu waliokuwa warefu kuliko mimi nikiwa nimekaa. Mmoja alinilamba kichwa njia nzima. Ng'ambo ya pili kulikuwa na mchanga ambao hakuna gurudumu lingeupita, basi vijana wa pale wakakata miti miwili, wakaipitisha chini ya motokaa, wakaibeba mabegani kama machela. Kiongozi wao akaniambia, "Kaa humo humo, mzee, uzito wako ni kama wa kuku."

Romana, mwaka 1917 nilipita mchanga huo huo nikiwa na sanduku la risasi kichwani. Wenzangu niliotoka nao kwetu, wengi wao wamelala kando ya njia ile bila hata msalaba. Sikuweza kukaa. Nilishuka nikaingiza bega langu chini ya mti wa nyuma. Vijana walicheka sana. "Mzee huyu amezoea shida!" Nikawaambia ndiyo.

Daraja la barabara ya pwani limevunjika, nimeelekezwa nizunguke kwa Mitole. Nina karibu wiki mbili mbele yangu na barabara kavu. Mwambie Laurenti aoge.

Ambrosi


Mitole
15 Novemba 1950

Romana,

Naandika kwa haraka na kwa hasira. Barua hii nimempa dereva wa lori la mihogo.

Nimeporwa. Motokaa yangu imetekwa mchana kweupe, na watu wa serikali! Hapa Mitole kuna kundi la vibarua wanaotengeneza barabara, Wangoni wa Songea. Nyapara wao, pandikizi la mtu linaloitwa Severini, alinisimamisha kwa adabu, akanisifia gari, akaniuliza kabila langu. Nikamjibu kwa fahari, baada ya miaka yote hii, "Mimi Mmwera wa Nyangamara."

Laiti ningesema Mhindi. Alitupa koleo hewani, akapiga kelele, "Jamani, njooni! Mtumwa wetu amejileta mwenyewe, na gari amelileta!" Wakaja wote mbio. Walinibeba kutoka kwenye kiti wakanikalisha juu ya rundo la kokoto. Severini akaingia mahali pangu, magoti yamemfika masikioni, akavaa miwani yangu. Wakaivika motokaa majani kama mwali. Mmoja akaniambia, "Babu zako walikuwa wakituona wanapanda milimani kama nyani. Wewe umepata gari, mbona hukupanda nalo?"

Niliwaeleza sheria. Niliwatajia kwa namba vifungu vinavyohusu wizi, shambulio na kumzuia msafiri, nikasema nitapeleka habari kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huko Kilwa. Wakaweka makoleo chini. Kisha Severini akauliza polepole, "Umekasirika?" Nikasema, "Nimekasirika sana!" Basi wakaanguka chini, mmoja mmoja, kama waliopigwa risasi, wakicheka mpaka wakalia. Tangu jana wananipa chakula kizuri, wamenipa na kitanda cha nyapara, lakini gari hawatoi. Wanasema mpaka nikombolewe.

Nenda Lindi kwa afisa yeyote unayemfahamu. Sitaondoka hapa bila gari langu.

Ambrosi


Nyangamara
19 Novemba 1950

Kaka Ambrosi,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa shida, maana mbavu zinaniuma.

Umemkasirikia mtani! Mngoni! Na umemtajia vifungu! Kaka, nimewasomea kina bibi waliomo ndani na mwali, na bibi mmoja ambaye hajacheka tangu Pasaka ametolewa nje kupepewa. Mombasa walikufundisha nini? Wangoni walipigana na babu zetu, yakaisha, wakawa watani wetu. Mtani akikuita mtumwa, unamwita jina baya zaidi. Akichukua kitu chako, unachukua kofia yake. Akikupaka majivu, unashukuru. Tunazikana na watani, tunafunga ndoa wao wakiwepo, na kosa moja tu ndilo lisilofanywa: kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na lazima ndugu zako waje kukukomboa kwa kuku na pombe. Kila mtoto hapa anajua.

Mimi siwezi kuja Mitole, nina mwali ndani na harusi ni Jumamosi. Afisa simwendei, nitaonekana mwendawazimu wa pili katika ukoo. Acha gari. Kwa mtani kitu hakipotei. Kinachopotea ni kile ulichompelekea polisi.

Panda lori lolote. Njoo na miguu yako na mdomo wako. Laurenti haposi kwa motokaa, anaposa kwa mjomba.

Romana


Mingoyo
22 Novemba 1950

Dada,

Nimefika Mingoyo, juu ya magunia ya mihogo. Unga umenifanya mweupe, na kofia sina. Gari nimeliacha, sikugeuka kulitazama, ingawa nilisikia wakipiga honi. Nimempa mwenye baiskeli barua hii. Kesho asubuhi nitakuwa kwako.

Ambrosi


Nyangamara
22 Novemba, jioni

Kaka,

Karibu nyumbani. Usije.

Mtu wa Laurenti amekuona Mingoyo ukishuka. Habari imefika hapa kabla ya baiskeli. Laurenti amepita kila nyumba akisema, "Mama Theresia aliahidi motokaa nyekundu. Mtu aliyeteremka ni kizee cha magunia. Amemkodi kwenye mashamba ya katani, na amemkodi kwa bei rahisi." Ukija kesho utakaa siku mbili ukizomewa kabla hata hujasema neno. Kaa huko, oga, lala, uje Jumamosi asubuhi moja kwa moja barazani, mbele ya wazee wote.

Kosa ni langu. Nisingetaja gari, ungeaminika kwa miguu.

Kuna jambo jingine, nalo nilikuwa sitaki kuliandika. Watu wananiuliza, "Wewe mwenyewe utamtambua?" Nawajibu, "Kaka yangu nisimtambue?"

Njoo umevaa koti.

Romana


Mombasa
14 Desemba 1950

Dada yangu Romana,

Nimefika salama kwa meli. Scholastica amenitazama akasema nimekonda vizuri. Kazi za nyumbani zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani.

Siku ya kuagana uliniambia wanawake wamekusimulia mambo ya barazani kila mmoja kwa namna yake, kwa kuwa wewe ulikuwa ndani na mwali. Mimi nilikuwepo, tena nimekaa katikati. Ngoja nikuandikie kama yalivyokuwa.

Kwanza ile salamu yetu mlangoni. Ulinipa mkono, ukanitazama kama mtu anayesoma barua isiyo na sahihi, ukasema, "Karibu, kaka," kisha ukaingia ndani upesi. Sikukulaumu. Mimi pia nilikuwa natafuta mtoto anayeogopa kuku.

Barazani Laurenti alikuwa amekaa na wazee wake wote. Akaanza: "Motokaa iko wapi, mjomba?"

"Imeshikwa na watani, Mitole."

"Ahaa. Na treni?"

Watu wakacheka. Akasema atanipima. Akaniuliza majina ya bibi zetu, na ya mama zao, na kisima tulichochota, na nani alizikwa wapi. Romana, mimi majina hayo nimeyarudia kitandani kila usiku kwa miaka thelathini na zaidi ili yasinitoke. Nilimjibu yote, kwa mpangilio, bila kukosea hata moja. Nilipomaliza nilijiona nimeshinda kesi.

Laurenti akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mmeona? Amefundishwa. Mwenye ukoo husahau, huchanganya, hugombana na dada yake kuhusu bibi yupi ni yupi. Anayeyajua yote bila kukosea ni mgeni."

Na wazee wakaitikia! Hata mimi, nikisikiliza, niliona ana hoja. Nikaanza kutafuta jina la kulikosea, nikawa nimechelewa. Klementi alikuwa amesimama pembeni na suti yake mpya, anatazama mlango wa nyumba aliyomo Theresia, na uso wa kijana yule sitausahau. Laurenti akaanza kukusanya fimbo yake.

Hapo ndipo tuliposikia madebe yakipigwa. Lori la barabara likaingia uwanjani, na nyuma yake, kwa kamba, motokaa yangu imejaa majani, Severini ameshika usukani. Alikuwa ameomba ruhusa kupeleka majembe mabovu Lindi, akapitia kwetu, maana mtumwa alikuwa ametoroka bila kukombolewa. Akaruka nje. "Yuko wapi yule mla panya anayekasirika? Ninyi, Wamwera, mnamkalisha mtumwa wetu kwenye kiti?" Vibarua wake wakanivuta kitini. Wakanimwagia unga wa harusi, ule wa shangazi yake Klementi, kuanzia kichwani. Severini akaniinamia: "Haya, tutajie vifungu!"

Nilikuwa nimesimama pale, unga machoni, mbele ya watu wote, koti langu la pekee limeharibika. Nikamvua kofia nikaivaa. Nikamwambia, "Babu zenu walikuja na ngao kuchukua nchi hii. Ninyi mmekuja na majembe kufukia mashimo yake. Fukieni, vijukuu, bwana wenu apite." Kisha nikamalizia kwa Kimwera, neno ambalo sikujua kama bado ninalo, na ambalo Padre alijifanya hakulisikia.

Uwanja mzima ulipiga kelele. Severini alinikumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. Na ndipo Laurenti aliposimama, akainua fimbo.

"Basi," akasema. "Mngoni hatoki Mitole kuja kumtukana mtu wa kukodi." Akaja akanipangusa unga begani kwa mkono wake mwenyewe. "Mjomba, nina kijana wangu hapa, amekuja kutafuta mke nyumbani kwako."

Yaliyobaki wote waliyaona. Ulitoka nje ukanikuta mweupe mwili mzima, ukashika mdomo, ukacheka kwa sauti ileile ya mama. Basi nami nikakutambua.

Nimeliacha gari kibandani kwako kwa sababu baada ya kumpeleka Theresia kanisani, Klementi akikimbia nyuma na Laurenti amekaa juu ya buti ameng'ang'ania masikio yangu, halikuwaka tena. Halina tatizo lolote. Linapumzika.

Kaka yako,
Ambrosi


Nyangamara
11 Machi 1951

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Tu wazima, mguu umetulia. Korosho zilikuwa nyingi. Gari lako lina afya: kuku mwekundu ameatamia kwenye kiti cha abiria, na jogoo hukaa kwenye kile cha dereva, haruhusu mtu kusogea karibu.

Sasa sikiliza. Kuna kesi Mtwara. Theresia anasema Klementi anakoroma mpaka vyombo vinalia kabatini. Klementi anasema anayekoroma ni Theresia. Hawasemezani tangu juma lililopita, na Klementi, kwa kuwa ni seremala, ametengeneza kitanda cha pili. Wazee walikaa, hawakuelewana. Severini alilala kwao alipopita, akatoa ushahidi kwamba wanakoroma wote wawili na kwamba nyumba nzima inafaa ichomwe, lakini ushahidi wa mtani umekataliwa.

Wameamua kwa desturi: mjomba wa mume na mjomba wa mke walale nyumba ile, huyu ukuta huu na yule ukuta ule, wasikilize wenyewe, kisha watoe hukumu. Laurenti amekwisha kufunga mkeka wake. Hataki kwenda peke yake, anasema jambo la usingizi si la mjomba mmoja.

Meli ipo kila mwezi. Mlete na Scholastica.

Kila asubuhi Laurenti anapita hapa na fimbo yake, anauliza, "Mjomba amefika?" Kama wewe ni mtu au ni stempu, hajaniuliza tena.

Dada yako,
Romana